Punda wa Pongwe: shajara ya kuwaokoa punda waliotupwa Tanga na kuwatafutia makao

Shajara hii naiandika ili mtu wa Muheza, Pangani, Bagamoyo au kwingineko anayetaka kufanya kazi kama yetu asianzie sifuri. Tuko watu wachache, tuna kiwanja Pongwe, pembezoni mwa jiji la Tanga. Tunawachukua punda waliotupwa na wenyewe, tunawatibu, kisha tunawatafutia nyumba nyingine. Kila hatua ikikamilika naongeza habari zake hapa. Bei zote ni zile tulizolipa sisi.

14 Julai 2024: Wawili wa kwanza

Siku hizi mizigo midogo mjini inabebwa na guta la injini, ile pikipiki ya mizigo ya magurudumu matatu. Mchanga, matofali, madumu ya maji: unapiga simu, guta linafika. Punda aliyeifanya kazi hiyo kwa miaka anabaki amefungwa kwenye mti, na vidonda vyake. Miaka ya nyuma punda wa namna hiyo angeishia machinjioni na ngozi yake kusafirishwa China kutengenezewa ejiao, dawa ya asili itokanayo na gundi ya ngozi ya punda. Februari 2024, Addis Ababa, wakuu wa nchi za Umoja wa Afrika walikubaliana kusitisha biashara hiyo ya ngozi kwa miaka 15. Nimeufurahia uamuzi huo kwa moyo wote. Lakini punda mgonjwa aliyekosa mnunuzi bado yupo, bado ana njaa, na mara nyingi anafunguliwa kamba usiku aende atakakokwenda.

Kahawa na Unga tumewakuta chini ya mkwaju, kwa mtu aliyekuwa akiuza mchanga. Wote majike. Kahawa amekonda tu. Unga ana kidonda juu ya mabega, pale inapokaa nira, upana wa kiganja, kimezungukwa na ngozi nyeusi ngumu kama soli. Ukikibonyeza upande wa kushoto usaha unatokea kulia. Maana yake kuna mfereji chini ya ngozi. Mwenyewe alikuwa akikipaka oili chafu ya gari kufukuza nzi.

Tumelipa sh 180,000 kwa wote wawili, na usafiri wa kuwaleta Pongwe sh 40,000.

3 Agosti 2024: Kidonda na chakula

Daktari wa mifugo aliupasua ule mfereji chini kabisa ili usaha utoke wenyewe, akampa Unga antibiotiki na sindano ya pepopunda. Sindano hiyo msiiruke. Punda na farasi ni wepesi mno kupata pepopunda, na kidonda kirefu kilichofungika juu ndicho nyumba yake. Kazi yetu sisi ilikuwa kuosha asubuhi na jioni: maji yaliyochemshwa yakapoa, kijiko kimoja cha chai cha chumvi kwa kila nusu lita, yanapigwa kwa bomba la sindano lisilo na sindano mpaka yatoke safi. Hakuna oili, majivu wala unga wa betri.

Kwenye chakula ndiko watu wengi wanakomuua punda kwa huruma. Ukimwona mnyama mbavu zinahesabika, mkono unakwenda kwenye pumba. Mwili uliokaa na njaa muda mrefu ukipewa wanga mwingi kwa mkupuo madini ya damu yanavurugika, na mnyama anaweza kufa akiwa ameshiba. Tulianza na nyasi kavu kidogo kidogo, mara nyingi kwa siku, maji safi muda wote, na jiwe la chumvi. Punda wa kilo 130 anatosheka na takriban kilo 2 za majani makavu kwa siku. Robota la nyasi hapa ni sh 6,000. Mabua ya mahindi tunapewa bure tukiyafuata wenyewe.

Majirani wanakuja na zawadi, na hili naliandika kwa herufi nzito ndani ya kichwa changu: chakula cha kuku hapana. Vyakula vingi vya kuku hutiwa dawa ya kuzuia koksidia (vijidudu vya utumbo wa kuku), kama monensini au salinomisini, na dawa hizo zinaua misuli ya moyo ya punda hata kwa kiasi kidogo. Pumba yenye ukungu nayo hapana. Sumu ya ukungu wa mahindi inaharibu ubongo wa punda. Mama mmoja alinijibu, "Mwanangu, mbona kuku wangu wanakula na wanataga?" Nikamwonyesha ile karatasi ya mfuko, palipoandikwa farasi wasipewe. Tangu siku hiyo yeye ndiye anayewakataza wengine.

Uzito tunaukadiria kwa futi ya fundi cherehani, inazungushwa kifua nyuma ya miguu ya mbele. Mzunguko wa sentimita 115 ni kama kilo 130. Bila hivyo dawa inatolewa kwa macho, na duka la dawa za mifugo litakupimia dozi ya ng'ombe.

22 Septemba 2024: Hatununui tena

Yule bwana wa mchanga, pamoja na guta lake, amenunua punda mwingine. Kijana, dume, nira ile ile. Fedha yetu ndiyo iliyomfungulia njia. Hili ndilo jambo la kwanza lililotushinda waziwazi, nami nataka anayesoma alipe uzito: ukinunua punda mgonjwa umemlipa mwenye punda kwa kumwumiza, na bei hiyo inakuwa mtaji wa punda wa pili.

Utaratibu mpya ni huu. Anayetaka kumtoa punda anamkabidhi bure, mbele ya mtendaji wa mtaa, kwa karatasi. Tukikuta ukatili wa wazi tunakwenda kwa afisa mifugo. Sheria ya Ustawi wa Wanyama ya mwaka 2008 ipo, na kuitaja kwa upole kumetosha mpaka sasa. Na kwa yule anayeendelea kutumia punda kwa riziki yake tunabadilishana: atukabidhi nira, tumpe matandiko ya kifua, yaani mikanda ya kuvutia mkokoteni, bila malipo. Hatukuja kumnyang'anya mtu kazi. Punda mwenye matandiko mazuri, mzigo wa kiasi na siku ya kupumzika hahitaji kuokolewa na yeyote.

Dume yule kijana tunamwita Jabali. Hatujampata. Ila nira tumeipata, na sasa anavuta kwa kifua.

10 Oktoba 2024: Matandiko, jaribio baada ya jaribio

Nira ilibuniwa kwa ng'ombe, ambaye ana nundu ya kusukumia. Punda hana nundu. Ana mfupa uliochongoka na ngozi nyembamba juu yake. Nguvu ya punda iko kifuani. Kwa hiyo tunashona mkanda mpana wa kifua, unaoshikiliwa na mkanda mwembamba upitao juu ya shingo, na kamba mbili za kuvutia kwenda kwenye mkokoteni.

Tulianza na katani, kwa kuwa tuko Tanga na kamba ya mkonge ni rahisi. Ilipendeza siku ya kwanza. Ikishanywa jasho na kukauka inakuwa ngumu, nyuzi zinachomoza, na kifua cha Kahawa kilianza kukatika baada ya safari fupi za majaribio. Tukahamia mpira wa ndani wa tairi la lori. Huo haukati, lakini unafunga joto na jasho. Manyoya yalinyonyoka na ngozi ikawa nyekundu.

Uliofaa ni mkanda wa usalama wa gari, ule wa kiti, tunaoupata kwenye magari mabovu. Tunaunganisha mikanda miwili sambamba ipate upana wa sentimita 9, ndani tunashona blanketi kuukuu lililofunikwa kwa turubai la pamba. Pamba inakunywa jasho na inafulika. Kipande hicho cha ndani kinatolewa na kufuliwa kila wiki. Kimo chake nacho kina maana: juu sana kinabana koo na punda anakoroma, chini sana kinazuia kiungo cha bega na hatua zinakuwa fupi. Weka mkono kwenye kiungo cha bega, mkanda upite juu yake kidogo, na vidole viwili viingie kati ya mkanda na ngozi.

Kuna la pili tulilolichelewa kuliona: matandiko mazuri kwenye mkokoteni mbovu hayasaidii. Mzigo ukiwa mbele ya ekseli, mipini inalemea mgongo. Tumeweka mito miwili pande zote za uti wa mgongo, katikati wazi, pasiguswe mfupa. Tunamwomba mwenye mkokoteni apakie mpaka mipini iwe nyepesi kwa mkono mmoja.

Seti moja inatugharimu sh 38,000: mikanda 12,000, turubai na uzi 9,000, pete na bizimu 7,000, fundi 10,000. Fundi wetu ni mshona viti vya bodaboda, na sasa anaweza kushona bila kuangalia kielelezo.

1 Desemba 2024: Vuli, banda na kwato

Manyoya ya punda hayazuii mvua vizuri kama ya farasi. Akinyeshewa analowa mpaka ngozi, na mwili uliodhoofika unashindwa. Banda la makuti tulilijenga kwa sh 420,000, nguzo za mikoko ya zamani tuliyopewa.

Paa lilikuwa zuri, sakafu haikuwa. Udongo ukawa tope, na punda watano waliokuwapo wakati huo walianza kuoza kwato: harufu kali, weusi laini kwenye kile kipembetatu cha chini ya ukwato. Kahawa akaota jipu ndani ya ukwato, akawa anaweka mguu mmoja kwa ncha tu. Daktari alichimba kidogo pale palipo na joto, usaha ukatoka, tukafunga kwa nepi ya mtoto na utepe wa gundi juu yake. Nepi inafaa kuliko bendeji yoyote tuliyonunua.

Sakafu tumeifukua, tukaweka kifusi cha mawe ya matumbawe kutoka nyumba iliyobomolewa, juu yake mchanga. Maji yanapita. Kwato tunazisafisha kila siku kwa ndoano na kuzikata kila baada ya wiki nane. Zilizorefuka mno kama za punda wetu mwingine, Jike Mkubwa, zilizoanza kupinda juu, hatukuzikata zote siku moja. Tulipunguza kidogo kidogo kwa miezi, maana mishipa ya mguu imeshazoea ule upotofu na ukiinyoosha ghafla unamwumiza upya.

19 Januari 2025: Nyumba ya kwanza, na kwa nini Unga amerudi

Kidonda cha Unga kilifunga kabisa mwishoni mwa mwaka, kimebaki kipara. Familia moja upande wa Mabokweni ilimwomba akae na mbuzi wao. Watu wema, uwanja mpana, watoto wapole. Tulimpeleka peke yake.

Siku ya kuogesha mbuzi kwa dawa ya kupe walimnyunyizia na yeye. Dawa ilikuwa ya amitrazi. Ng'ombe na mbuzi wanaivumilia. Kwa punda na farasi inaweza kusimamisha matumbo. Jioni akaacha kula, kesho yake hakuna kinyesi, masikio yameanguka, anajitazama ubavuni. Daktari alimpitishia mrija puani, akampa maji na mafuta ya parafini ya dawa (si mafuta ya taa), na dawa ya maumivu. Damu aliyoitoa tuliiacha kwenye chupa itulie. Juu, badala ya maji ya manjano maangavu, pakawa na weupe mzito. Hayo ni mafuta. Punda akiacha kula, mwili unamwaga akiba yake ya mafuta kwenye damu kuliko ini linavyoweza kuyashughulikia, na hapo ugonjwa wa pili unakuwa hatari kuliko wa kwanza. Ndiyo maana punda asiyekula siku moja ni dharura, hata kama anasimama vizuri.

Na huku Pongwe Kahawa naye alikuwa amesimama langoni, analia, majani yake hajayagusa. Wale wawili walivuta mkokoteni mmoja kwa miaka. Tulimrudisha Unga kwenye gari la kuazima, bado ana mrija. Kahawa alimnusa shingo yote, kisha wakala pamoja, majani machache, lakini wakala. Nililia na sioni haya kuliandika.

Matibabu yote sh 265,000. Tangu sasa punda wetu wanatoka wawili wawili, marafiki kwa marafiki. Kila nyumba inapata karatasi ya vitu vitatu visivyomgusa punda: dawa ya kuogeshea yenye amitrazi, chakula cha kuku, nira. Kwa kupe tunatumia sipamethrini kwa kipimo cha daktari.

16 Februari 2025: Tulizozikataa

Ndugu mmoja mwenye shamba kuelekea Saadani aliomba punda wanne. Tumekataa, kwa heshima. Ukanda ule una mbung'o, na mbung'o anamletea punda nagana: homa, damu kupungua, kukonda mpaka kufa. Babu zetu walilijua hilo. Misafara ya karne ya 19 iliyotoka Pangani na Bagamoyo ilibebwa kwa vichwa vya wapagazi kwa sababu wanyama wa mizigo walikuwa wakifa njiani. Stanley, mpelelezi wa Kizungu, aliondoka Bagamoyo mwaka 1871 na farasi wawili, na wote wakamfia mwanzoni kabisa mwa safari.

Tumeulizwa pia kama tungempokea farasi mzee. Hapana. Farasi anakula zaidi, kwato zake zinahitaji fundi aliyesomea, na maradhi ya farasi ya Afrika, yanayoenezwa na visubi, huua farasi wengi wanaoyapata ilhali punda huyahimili. Tumemwelekeza mwenyewe kwa daktari mwenye uzoefu wa farasi. Kumpokea mnyama usiyemweza ni kumhamishia tu mahali pa kufia.

11 Mei 2025: Handeni

Safari ya kwanza ya kuwapeleka Kahawa na Unga kwenye makao mapya Handeni iliishia njiani kabla ya Muheza. Sakafu ya Fuso ilikuwa bati tupu. Breki ya kwanza, Kahawa akaanguka kwenye magoti. Hakuumia sana, tukarudi, na sh 90,000 ya gari ikapotea. Safari ya pili tulitandika makumbi ya nazi na mchanga juu yake, tukawaweka wakitazama nyuma, tukaondoka alfajiri, tukasimama Segera kuwanywesha. Walifika hawana jasho na wametulia. Gari sh 280,000, na kibali cha kusafirisha mifugo kutoka kwa afisa mifugo tulikuwa nacho mkononi. Msiende bila hicho.

Nyumba ni ya bibi mmoja na wifi yake, kijiji cha mbali na bomba. Kabla ya punda kuondoka Pongwe tulikuwa tumeshakwenda, tukaona kivuli, tukaona maji yanakotoka, tukawaachia shogi mbili (mifuko ya kubebea mzigo pande zote mbili za mgongo wa punda) na kuwafundisha kuzifunga. Bibi alitaka madumu manne kwa kila punda, kama walivyozoea hapo kijijini. Nikamwambia, "Shikamoo yako ibaki palepale bibi, lakini Unga ana kilo 130, madumu mawili ya lita 20 ndiyo mzigo wake." Akamtazama Unga pale penye kipara. "Haya. Watu husema punda afe mzigo wa bwana ufike. Huyu asife. Tutakwenda mara mbili."

Mkataba ni ukurasa mmoja, mbele ya mtendaji wa kijiji: punda hauzwi, hachinjwi, hatenganishwi na mwenzake, wakishindwa wanaturudishia bila lawama. Afisa mifugo wa kata anapita, na kila wiki mbili mjukuu wa bibi anatutumia picha nne: kifua, mgongo, kwato za mbele, kwato za nyuma. Picha ya uso hatuihitaji, ingawa anaituma.

28 Juni 2025: Tulipo

Picha ya mgongo ya juzi ilionyesha manyoya yaliyolala upande mmoja, dalili ya shogi kuvuta kushoto. Tumempigia, kumbe dumu moja lilikuwa linavuja njiani, mzigo unabaki upande mmoja. Dumu limebadilishwa, na Unga amepumzishwa mpaka manyoya yainuke. Tusingeliona hilo kwa simu ya "wanaendeleaje?", maana jibu la swali hilo ni "wazima" siku zote.

Yule dume kijana wa bwana wa mchanga amekuja. Mwenyewe kamleta, bure, kwa karatasi; guta linamtosha. Kifua hakina kovu. Atahasiwa mwezi ujao wakati wa baridi, nzi wakiwa wachache, sh 60,000 kwa makadirio ya daktari, kisha ataungana na Kibibi, jike aliyekuja Machi, ambaye daktari amethibitisha ana mimba. Punda hubeba mimba mwaka mzima na hata zaidi, kwa hiyo Kibibi haendi popote mwaka huu, na ombi la familia ya Korogwe tumeliweka kando mpaka mtoto aachishwe.

Seti 11 za matandiko zimebadilishwa kwa nira. Nira tumezipasua kuni. Kielelezo cha kushonea, cha ukubwa kamili kwenye karatasi ya kaki, kiko kwa fundi. Yeyote anayekuja Pongwe na karatasi yake anaruhusiwa kukinakili.

Kinachotafutwa sasa: mikanda ya viti vya magari, mingi iwezekanavyo, na nyasi za kuhifadhi kabla ya Septemba, kwani bei ya robota imeanza kupanda.